Usinifungulie Hata Mimi

Saa mbili asubuhi. Chumba cha nyuma, duka la kutengeneza simu.

Mjomba aliweka boksi mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Hakuwa mjomba wa mtu yeyote. Jina lilimganda tu, na wote waliomfanyia kazi walilizoea.

"Plastiki?" aliuliza.

"Mpya," Fundi alijibu. "Nimeibana kwa moto. Hata kiwandani hawatajua boksi limefunguliwa."

Ndani ya boksi mlikuwa na kidude cha kuhifadhia sarafu za mtandaoni. Hakizidi kidole gumba. Kioo kidogo, vitufe viwili. Kikiwashwa mara ya kwanza hutunga maneno ishirini na manne, na mwenye maneno hayo ndiye mwenye mali, hata kidude chenyewe kikianguka chooni. Fundi alikuwa amekwisha kukiwasha yeye. Maneno kiliyotunga aliyachapa kwenye kadi yenye nembo, akafuta kidude, akarudisha vyote ndani ya boksi. Mteja angeikuta ile kadi na kudhani imetoka kiwandani. Mjomba alikuwa nayo maneno yale yale, kwenye kidude chake mwenyewe.

"Yule mama mteja akihamishia sarafu zake humu, sisi tunazoa," Mjomba alisema. "Hakuna silaha, hakuna kelele. Mimi na Breki tutakungoja garini, kwenye kona."

Breki alikuwa dereva wao. Alipewa jina hilo kwa utani, kwa sababu hakuwa nazo, si za gari wala za mikono.

"Na huyu akiingiwa na huruma?" Breki aliuliza.

Mjomba alicheka. "Huruma ya nani? Fundi hana mtu. Ana sisi."

Maneno hayo yalimchoma Fundi kwa sababu yalikuwa kweli. Alipanga chumba kimoja. Simu yake ililia pale tu kioo cha mtu kilipopasuka. Mwaka aliougua hadi akashindwa kuinuka, mlango wake uligongwa na mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Mjomba, na dawa mkononi. Tangu siku hiyo hakuwahi kumkatalia kitu.

Saa tatu na robo. Nyumba ya mama.

Alikuwa mkunga mstaafu. Alikuja dukani na simu ya marehemu mwanawe, kioo kimepasuka, akaomba itengenezwe ili aone picha. Fundi ndiye aliyeona kilichokuwamo zaidi ya picha: sarafu ambazo kijana alizinunua kidogo kidogo kwa miaka. Hakumwachia mama yake kitu kingine. Fundi alimwambia Mjomba siku hiyo hiyo.

"Karibu, mwanangu. Kaa hapo," mama alisema, akamwonyesha kiti cha karibu na dirisha. "Kilikuwa chake. Kimechoka kukaa bure."

Vikombe viwili vilikuwa tayari mezani. Fundi aliona hilo, akajifanya hakuliona.

Mama alivaa miwani, akachana plastiki kwa uangalifu wa mtu anayefungua zawadi. Fundi alimwelekeza. Mama aliingiza maneno ya kwenye kadi herufi kwa herufi, kwa vitufe viwili, akinong'ona kila moja. Ilikuwa kazi ndefu. Alipofika neno la mwisho, alisita.

"Nikuulize swali la kijinga?"

"Uliza tu, mama."

"Kadi imekuja imeshaandikwa. Na kidude kilikuwa hakijawashwa. Huyo aliyeandika, aliyajuaje maneno?"

Jibu Fundi alikuwa nalo mfukoni siku nyingi. "Ndivyo kiwandani wanavyofanya."

"Aa." Mama aliitikia kwa kichwa. "Sisi wodini ilikuwa mwiko. Utepe wa mkono wa mtoto niliuandika mwenyewe, mtoto yuko mbele ya macho yangu. Ukiniletea utepe ulioandikwa tayari, nautupa. Watoto hubadilishwa hivyo hivyo." Alishusha pumzi. "Lakini haya ni mambo yenu. Wewe ndiye unayejua."

Kama mama angemshuku, Fundi angemdanganya bila kutoa jasho. Lakini mama alikwisha kuinama tena, akabonyeza neno la mwisho, akamwangalia usoni kwa furaha. Fundi aliona aibu ikimpanda hadi masikioni.

Simu yake ilitetemeka. Breki. *Vipi huko?*

*Bado*, aliandika.

Saa nne kasorobo.

"Lete hicho kidude, mama."

Alifungua mipangilio, akatafuta palipoandikwa *futa kila kitu*. Kidude kilimuuliza kama ana uhakika. Kidole chake kilibaki juu ya kitufe. Akilini alimwona Mjomba mlangoni mwa chumba chake, na zile dawa. Kisha akabonyeza.

"Tunaanza upya," alisema. "Ulichosema kuhusu utepe ni sawa. Hiyo kadi chana."

"Nimekosea mahali?"

"Hujakosea popote. Sasa kitatunga maneno mengine, mbele ya macho yako. Andika kwa mkono wako, kwenye karatasi mbili. Usiyapige picha. Usiyaweke kwenye simu. Usiyatamke."

"Na wewe?"

Fundi aligeuza kiti, akautazama ukuta. Ukutani palikuwa na picha ya kijana anayecheka, shati halijafungwa kifungo cha juu. Nyuma yake penseli ilikwaruza karatasi. Simu yake ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena.

Mama alichagua namba ya siri, na Fundi akamkataza kutumia mwaka wa kuzaliwa wa mtu yeyote. Kutoka kwenye simu ya mwanawe, mama alituma sarafu kidogo kwanza. Halafu wakakifuta kidude makusudi, mama akayaingiza maneno kutoka kwenye karatasi yake, na zile kidogo zikarudi kwenye kioo kama zilivyokuwa. Ndipo akatuma zote.

"Zimo," mama alisema polepole. Alifuta miwani kwa kanga. "Ziko salama?"

"Zitakuwa salama ukinisikiliza. Karatasi moja iondoe humu ndani leo hii, ipeleke mbali. Mtu akikuuliza maneno hayo, ni mwizi. Akisema katoka kwenye kampuni, mwizi. Akisema nimemtuma mimi, mwizi. Nikija mwenyewe, usinifungulie."

Mama alikitazama kiti cha dirishani. "Hata wewe? Ndiyo kwanza nimekuzoea."

"Hasa mimi, mama."

Alikunywa chai yote. Ilikuwa imepoa, na bado hakutaka iishe.

Saa tano na dakika kumi.

Angeweza kupitia uani akatokomea. Lakini atokomee kwa nani? Alikwenda mpaka kwenye kona, akaingia garini.

Mjomba alikuwa ameinamia kioo cha kidude chake. Sifuri.

"Nimefuta," Fundi alisema. "Ametengeneza mengine."

"Niambie hayo mengine."

"Siyajui. Nilitazama ukuta."

Mjomba hakugomba. Alivua miwani, akaiweka chini, na uso wake ukawa wa mtu aliyefiwa. "Nilikuletea dawa," alisema. "Mikono yangu hii." Kisha akamwashiria Breki.

Breki alishuka, akaushika mkono wa kulia wa Fundi, mkono wa kazi, akauweka kwenye upenyo wa mlango wa gari, akausukuma mlango kwa bega. Vidole vitatu vilivunjika.

"Utarudi kwake," Mjomba alisema, Fundi alipoacha kulia. "Sisi hatufungulii. Wewe anakuita mwanangu. Ingia, toka na maneno, na tutasahau. Ukitoka mikono mitupu, wewe si wetu tena, na Breki ataamua mengine."

Saa sita na nusu. Mlango wa mama.

Gari lilisimama ng'ambo ya barabara, injini ikinguruma. Jua la mchana lilikuwa kali. Fundi aligonga kwa mkono wa kushoto.

Nyayo zilikuja, zikasimama.

"Nani?"

"Mimi, mama. Fundi."

Sauti ya mama ilikuja, karibu kabisa na ubao wa mlango. "Mwanangu, ulinikataza mwenyewe."

Alitaka kumwambia kwamba hana pengine pa kwenda. Pazia la dirishani likasogea kidogo.

"Mkono wako una nini?" Sauti ya mama ilibadilika, ikawa ya wodini. "Mbona umevimba hivyo? Ngoja."

Komeo likaanza kuvutwa. Fundi alilisikia likisuguana na chuma chake, taratibu, karibu kufika mwisho. Humo ndani mlikuwa na kiti, na maji ya moto, na mtu ambaye angemshika mkono.

"Usifungue," alisema.

Komeo likatulia. "Unaumwa."

"Nimekuja kuomba maneno, mama. Wamenituma. Rudisha komeo, upige simu polisi."

Halafu komeo likarudi mahali pake, polepole, mpaka mwisho.

"Vizuri," Fundi alisema. "Hivyo hivyo."

Aliegemeza paji la uso kwenye mlango. Nyuma yake, ng'ambo ya barabara, mlango wa gari ulifunguliwa.