Tuta Lisilo na Nyasi

Mzee Ignasi alipasua tuta kwa jembe, akainama kutafuta nyasi. Hakuona hata unyasi mmoja.

"Mkwe, nani amelima hapa?"

"Mimi, baba," Lugano akajibu.

Mzee akapasua la pili, na la tatu. Udongo mtupu. Binti yake, Avelina, aligeuza uso.

Ufipa, nyasi hufukiwa ndani ya tuta la mviringo, zikaoza, zikalisha ulezi wa mwaka unaofuata. Lugano, afisa mifugo kutoka Mbeya, hakulijua hilo. Sharti la kumwoa Avelina lilikuwa kulima matuta mia mbili kwa mikono yake kabla mvua hazijakatika. Yeye aliweka vibarua, nao wakarundika udongo wakaenda zao.

Mzee alisema posa imevunjika, akaondoka.

Jioni, chumbani kwake mtaa wa Mazwi, Lugano alipokea ujumbe wa Avelina: "Wiki mbili unanipigia unasema mgongo unauma. Nikakutumia hadi dawa ya kuchua. Ulikuwa unachua nini?"

Alipiga simu, haikupokelewa. Ilipokelewa siku ya tatu.

"Avelina, nilikudanganya. Niliona aibu kusema siwezi kulima."

"Basi njoo ushindwe nikikuona."

Kesho yake alfajiri alipiga hodi kwa mzee, akaomba jembe tu. Mzee alimwambia zimebaki wiki tano za mvua, kwamba safari hii hataki kumwona kibarua shambani, na kwamba hajaahidi kitu.

Lugano alikuja kwa pikipiki kila alfajiri kabla ya kazi, na Jumamosi kutwa. Siku ya kwanza alilima matuta saba. Mzee akavunja matano. Mama yake Avelina, Kalista, alikuja kuangalia.

"Mkwe, unafukia nyasi au unazika ng'ombe?"

Lugano alicheka, akaanza upya. Viganja vilichubuka, vikapona, vikawa vigumu. Wiki ya tatu mzee aliacha kuvunja.

Kisha mvua ikakatika mapema, matuta thelathini na moja yakiwa bado. Udongo ulikauka, jembe likawa linadunda. Jumamosi ile, hadi saa tano asubuhi, alikuwa amemaliza matatu. Avelina akaja na jembe lake.

"Rudi nyumbani. Baba yako amekataza kibarua."

"Kwani mimi ni kibarua?"

Akaanza kukata nyasi. Walilima bila kuzungumza, wakijua mzee anawaona kutoka uani.

Mchana Kalista alileta ugali wa ulezi na maharage, sahani moja.

"Mzee anauliza wazazi wako watakuja lini."

"Mama, bado matuta ishirini na nne."

"Amehesabu. Anasema mtayamaliza wawili."

Lugano alifuta udongo mikononi, akampigia baba yake Mbeya.