Vifungo vya Fundi Saa

Binti yangu akitoka shule saa nane mchana hula, huosha sahani yake, kisha huja dukani kwangu kuokota pini. Mimi ni fundi cherehani. Pini zikidondoka, yeye hutambaa chini ya meza ya kukatia na sumaku iliyofungwa uzi, akizikusanya hadi kopo lijae. Kazi hiyo ameifanya tangu darasa la pili. Wakati wa mambo haya alikuwa la sita, miguu imerefuka, lakini chini ya meza bado alienea. Wateja walikuwa wamemzoea hata hawamwoni tena. Walizungumza juu ya kichwa chake kama vile ni kiti.

Hapo ndipo mimi mzazi nilipoanza kukosea, na ndiyo maana naandika haya. Lakini nawaandikia zaidi ninyi watoto mnaopenda kuandika.

Dukani kuna vyerehani viwili, kimoja changu, cha pili cha mdogo wangu, ambaye binti yangu humwita mama mdogo. Mdogo wangu ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza habari za jana atakujibu "nzuri" huku anaendelea kushona pindo. Tuna sharti moja tulilopewa na fundi aliyetufundisha kazi: vipimo vya mteja havisomwi kwa sauti. Napima, naandika kimya kimya kwenye daftari, nalifunga. Mtu akinenepa au akikonda, hiyo ni siri yake na tepu yangu.

Ng'ambo ya barabara kuna kibanda cha fundi saa. Ni mtu mzima, mpole, kutwa amebana kioo kidogo kwenye jicho la kulia. Kila Alhamisi saa tisa alikuwa akivuka barabara na shati lile lile la buluu, limepungua kifungo. Hakunipa mimi, alimpa mdogo wangu. Mdogo wangu akishona, yeye alikaa kwenye benchi wakazungumza habari za mvua na umeme kukatika. Dakika kumi hivi. Kisha "asante, fundi," "karibu, fundi," basi.

Binti yangu ndiye aliyegundua. Alhamisi moja fundi saa alipoondoka tu, alichomoka chini ya meza.

"Mama, vile vifungo havikatiki. Vinakatwa!"

"Umejuaje?"

"Nimeona nyuzi. Uzi ukikatika wenyewe unakuwa na manyoya. Ule umenyooka, kama umepitishwa wembe."

Nilicheka mpaka nikaegemea cherehani. "Maskini ya Mungu," nikasema, "huyu atamaliza vifungo kabla hajaanza maneno!"

Mdogo wangu hakucheka. Aliinama akatunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi.

Nilijua kwamba binti yangu anaandika hadithi za mapenzi. Zilikuwa za adabu tu: mtu anamwazima mwenzake mwavuli, mtu anasahau kitabu makusudi ili akirudie. Daftari lake la jalada la kijani lilizunguka darasani, na wasichana walipanga zamu ya kulisoma. Nilijivuna. Mimi shule niliishia darasa la saba. Kumwona mwanangu akijaza kurasa ishirini bila kulazimishwa na mwalimu, nilisema huyu atafika mbali. Sikumuuliza hata siku moja mambo hayo anayatoa wapi.

Wiki chache baadaye nilisikia watoto wakipiga kelele barabarani wakitoka shule. "Fundi! Leo kifungo cha ngapi?" "Fundi, nikuazime wembe?" Nikachungulia. Fundi saa alikuwa ameinamia kazi yake. Kesho yake walirudi, mmoja ameshika karatasi anasoma kwa sauti, wenzake wanacheka. Fundi saa alishusha dirisha la kibanda chake mchana kweupe.

Alhamisi hakuja. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita. Mdogo wangu alishona sketi moja mara mbili, akaifumua mara mbili.

Jibu tuliletewa na mteja wetu mmoja, mama wa mtoto anayesoma na binti yangu, wanayemwita Tarumbeta kwa kutojua kunyamaza. Alikuja kupimwa gauni, mkononi ana daftari la kijani.

"Nimemnyang'anya mwanangu," akasema huku anacheka. "Jamani, mmemwandika fundi saa kitabuni! Na wewe mdogo wangu, kumbe una ulimi hivyo?"

Mdogo wangu alilichukua daftari, akasoma akiwa amesimama. Alipomaliza aliliweka juu ya meza. "Toka huko chini," akasema.

Binti yangu akatoka, kopo la pini mkononi.

"Nisomee hapa."

Mtoto akasoma: "Mshonaji alingoja fundi redio avuke barabara, kisha akaangua kicheko na dada yake. 'Mimi niolewe na mtu wa jicho moja? Labda siku nikipofuka!'"

"Haya nilisema lini?"

"Hukusema, mama mdogo. Ni hadithi tu. Nilitaka kiwepo kikwazo, bila kikwazo hawasomi. Tena nimembadilisha, nimemfanya fundi redio."

"Umembadilisha kazi, shati la buluu umeliacha. Alhamisi umeiacha. Kioo cha jicho umekiacha. Yote hayo ni kweli. Umebuni jambo moja tu, na kwa sababu mengine ni kweli, na hilo ataliamini."

Akavaa viatu akaenda nyumbani, kazi kaiacha mezani. Hakuwa amewahi kufanya hivyo tangu tufungue duka.

Mama Tarumbeta alijikohoza, akasema atapimwa siku nyingine. Mimi nikakaa. Nilikuwa na hofu ya kweli. Mdogo wangu alikuwa amevuka miaka thelathini na mitano. Watu walikuwa wameshamsema hadi wakachoka. Mwanamume mmoja tu ndiye aliyepata njia ya kumkaribia bila kumtisha, njia ya kifungo kimoja kwa wiki, na nyumba yangu ndiyo iliyoifunga.

"Mama," binti yangu akasema huku analia, "nenda kamwambie wewe. Wewe ni mtu mzima."

"Nitakusindikiza. Maneno utasema mwenyewe."

Kesho yake saa tisa tulivuka. Nilisimama mlangoni, yeye akaingia. Ndani mlikuwa na saa za ukutani labda ishirini, kila moja na wakati wake.

"Nani amekutuma?" fundi saa akauliza bila kuinua kichwa.

"Hakuna. Mama amenisindikiza tu." Akaweka daftari mezani. "Shikamoo. Nimekuja kusema kwamba ile hadithi niliandika mimi."

"Marahaba. Najua. Nimesomewa hapo barabarani siku mbili."

"Mama mdogo hakusema yale maneno. Mimi nilimtungia. Wala hakucheka. Aliyecheka ni mama."

Fundi saa alitoa kioo jichoni akanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Ni kweli nilicheka, fundi," nikasema. "Nilicheka mbele ya mtoto. Nisamehe."

Alimgeukia binti yangu. "Mama yako alipocheka, yeye alifanya nini?"

"Nani, mama mdogo? Alitunga uzi kwenye sindano. Lakini ile sindano tayari ilikuwa na uzi."

Saa zikawa zinagonga peke yake.

"Hilo mbona hukuliandika?"

"Niliona ni dogo."

"Dogo," akasema. Akachukua kitambaa akafuta kioo chake, ingawa kilikuwa safi. "Hilo peke yake lingetosha hadithi nzima. Halafu, binti, wembe umeutoa wapi? Mimi ni fundi saa. Nina koleo nzuri kabisa ya kukatia."

Binti yangu hakujua acheke au alie. Nikamwambia aage, tukaondoka.

Jumatatu, mwalimu wao wa Kiswahili alimruhusu asimame mbele ya darasa. Alisema wazi kwamba maneno ya mshonaji ni ya kubuni, na kwamba aliandika habari za watu bila ruhusa yao. Tarumbeta akapaza sauti, "Kwa hiyo vifungo ni vya kweli?" Binti yangu akamjibu, "Hilo si langu kusema." Kelele za barabarani hazikuisha siku hiyo hiyo. Zilipungua taratibu, kama kikohozi.

Alhamisi ya wiki hiyo fundi saa hakuja. Sikuthubutu kumtazama mdogo wangu.

Alhamisi iliyofuata, saa tisa kamili, alivuka barabara amelivaa lile shati la buluu. Mdogo wangu akasimamisha cherehani.

"Leo lina nini, fundi?"

"Halina kitu. Vifungo vipo vyote saba." Akagusa kifungo cha juu. "Leo nimekuja mwenyewe."

Safari hii sikucheka. Niligonga meza. "Wewe, toka huko. Twende nje."

"Mama! Tutakosa atakachosema!"

"Ndiyo, tutakosa."

Tukakaa kwenye ngazi ya nje, sumaku yake ikining'inia kwenye uzi. Nikamwambia, "Mtu akija kupimwa huinua mikono, akatuachia mbavu zake. Anajua hatutamtangaza. Basi na wanaozungumza mbele yako wameinua mikono vile vile. Sikukatazi kuandika. Una macho, na macho hayo ni mali. Lakini ukitumia maisha ya mtu, muulize kwanza. Na ukibuni, buni mpaka jirani yake asimtambue. Usichanganye nusu ukweli na nusu uongo, ukamvisha mtu aliye hai."

Alifikiri kidogo. "Na mama mdogo akikubali niandike?"

"Hapo utaandika. Akikataa, utanyamaza kama daftari langu la vipimo."

Mdogo wangu na fundi saa walioana mwaka uliofuata. Binti yangu bado anaandika, na siku hizi chini ya meza haenei.

Haya niliyoandika mimi niliwasomea wote wawili kwanza, sentensi kwa sentensi. Mdogo wangu alisema "nzuri" akaendelea kushona. Fundi saa alinifutisha sentensi mbili. Msiniulize zilisema nini.