Kitufe cha "Nimeelewa"

Kila akitoka shule, kabla hata ya kuvua sare, Kidoti alikuwa na kazi moja: kufungua kompyuta na kumsomea mama oda. Mama alishona mikoba ya vitambaa na mikono yake haikuachana na sindano, kwa hiyo macho ya mtandaoni yalikuwa ya Kidoti. Jirani yao, aliyeitwa Redio kwa sababu habari zake hazikuhitaji betri, alizoea kusema kuwa nyumba ile ina duka lisilo na mlango, lakini wateja wanapishana.

Duka hilo mama alilifungua pamoja na dada yake, mama mkubwa wa Kidoti. Walilijenga ndani ya programu moja ya maduka ya mtandaoni, kongwe kuliko Kidoti mwenyewe, iliyotumiwa na wafanyabiashara wengi. Kisha mama mkubwa akafariki. Nyumba ilijaa hata viatu vikakosa nafasi mlangoni. Halafu watu wakaondoka, ukabaki mlio wa cherehani. Mama hakulia. Alishona. Ukimsalimu aliitika, ukimuuliza kama amekula alisema ndiyo, na chakula kilikuwa hakijaguswa. Kidoti naye alikuwa kama mguu uliokufa ganzi: upo, lakini hauna habari.

Ndipo likaanza kutokea tangazo la manjano kwenye skrini, refu, lenye maneno kama "uhamishaji" na "ukomo wa toleo". Lilifunika oda zote. Chini yake palikuwa na kitufe kimoja: NIMEELEWA. Kidoti alikibonyeza, tangazo likatoweka, akasoma oda. Kesho yake likarudi, akabonyeza tena. Hata darasani, mwalimu akiuliza "Mmeelewa?" wote waliitikia ndiyo ili wasichelewe kutoka. Neno lilikuwa jepesi mdomoni, na kidoleni likawa jepesi zaidi.

Jumatatu moja duka halikufunguka. Skrini ilikuwa nyeupe, na mstari mmoja tu: Duka hili halipatikani.

Mama aliuliza kuna nini.

"Labda mtandao," Kidoti akasema.

Mama akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kushona mkoba ambao hakuna aliyeuagiza.

Jioni Redio aliingia, hodi akaipiga akiwa ameshakaa. Akaeleza kuwa huko nje wateja wanasema duka limemfuata marehemu. Mama alisikiliza kama mtu anayesimuliwa mambo ya mtaa wa pili. Redio alikuwa na mdomo mkubwa, lakini moyo wake ulikuwa mkubwa zaidi. Akainuka, akaenda kumleta fundi wa kompyuta, dada mmoja mwenye penseli nyuma ya sikio.

Fundi alipoambiwa kuwa ni mtandao, alikwenda moja kwa moja kwenye nyaya. Akasema waya wa nje umechakaa, atatafuta mwingine na kurudi wiki ijayo. Kidoti alimtazama akipima ukuta. Hakuhisi woga wala aibu. Aliona tu kwamba watu wazima watatu wanahangaika na ukuta usio na kosa.

"Si mtandao," akasema. "Kulikuwa na tangazo. Nilibonyeza nimeelewa, lakini sikuelewa."

Redio akamsogezea fundi kiti.

Fundi akaketi kwenye kompyuta, akasoma, akawaeleza. Wenye programu walikuwa wamebadilisha mambo: toleo la zamani wamelizima, na kila duka lilitakiwa kuhamia toleo jipya. Wateja walikuwa wameshafungiwa, ila mwenye duka aliruhusiwa kuchukua vitu vyake hadi kesho. Wangengoja hiyo wiki ijayo, picha zote na maneno yote ya wateja, kazi ya miaka ya dada wawili, vingefutwa.

Alipoanza kuhamisha, programu ikataka namba ya siri iliyotumwa kwenye simu ya mwenye duka. Akauliza ni simu ya nani. Mama akaacha kushona. Ilikuwa ya marehemu, imezimwa, iko kabatini.

Akaenda kuileta, akaichomeka kwenye chaja, wakaizunguka wote kama mgonjwa. Ilipowaka ililia mfululizo, ujumbe juu ya ujumbe, na kati yake onyo la wenye programu, mara nyingi, halijafunguliwa. Mama akaisoma namba tarakimu moja moja. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

Picha zikaanza kuhama. Ulipopita mkoba wa bluu wenye mshono uliopinda, mama alisema dada yake hakuwahi kushona mstari ulionyooka, na wateja walidhani ndio mtindo. Redio akacheka hadi akafuta macho. Mama hakucheka, lakini aliiomba picha hiyo irudishwe, aitazame tena.

Kidoti alingoja kugombezwa.

"Wewe ulifunika tangazo, mimi nilizima simu," mama akamwambia. "Kosa letu ni moja, mwanangu. Jambo ukilifunika haliondoki, linakua humo humo. Usipoelewa, sema hujaelewa, hata kama wote wameitikia ndiyo. Na ukikosea, sema mapema. Leo umesema, ndiyo maana bado tuna cha kuhamisha."

Kidoti akaitika, safari hii baada ya kufikiri.

Fundi akauliza ujumbe wa duka jipya uwe unakwenda kwenye simu ya nani. Mama aliitazama simu ya dada yake, akaichomoa kwenye chaja, kisha akataja namba yake mwenyewe.