Gari Lililoongeza Maji

Magari ya wenzake yalipunguza maji. La mshonaji liliongeza. Kila asubuhi alifungua mfuniko wa rejeta, kama alivyofundishwa na baba mkwe aliyemwachia gari hilo, akakuta maji yamefika shingoni ilhali jana aliyaacha chini. Mwanzoni alifurahi. Alimtania mkewe kwamba gari limezeeka hadi limeanza kujilisha lenyewe, na mkewe akacheka kidogo, maana kicheko kirefu kilimchosha.

Figo za mkewe zilikuwa zimegoma. Mara mbili kwa wiki alipaswa kufikishwa hospitali asubuhi na mapema, alazwe kando ya mashine, damu yake itolewe kwa mipira myembamba, isafishwe, irudishwe. Akikosa zamu, maji yanamjaa mwilini hadi kifuani. Hospitali ilikuwa mbali, usafiri wa abiria ulichelewa kuanza, na jamaa wenye magari walishaacha kupokea simu. Kwa hiyo uhai wa mwanamke yule ulitegemea injini iliyokuwa kuukuu kuliko ndoa yao.

Halafu ikaja harufu. Mshonaji akifungua boneti ilimpiga puani harufu ya tope bichi, tope la chini kabisa ambalo halijawahi kuona jua. Na siku moja, injini ikiwa imelala tangu jana na vyuma vyake ni baridi, aliona mpira mnene wa juu wa rejeta unavimba, unanywea, unavimba, unanywea. Aliuwekea kiganja. Ukatulia ghafla, kama mtu aliyebana pumzi asisikike.

Alimwita fundi wake wa miaka mingi, ambaye mtaa mzima ulimwita Spana.

"Mpira umechoka, bwana," Spana alisema. "Hata wewe ukizeeka utavimba. Twende dukani."

Dukani muuza spea aliwapangia mipira mezani, na Spana akaichambua kama karanga. "Huu wa mikunjo usiuguse. Unajifanya unaingia gari lolote, lakini ukiupinda unajibana katikati, maji hayapiti. Huu uliotolewa kwenye gari bovu, hebu uminye. Unasikia unavyolia? Kwa ndani umeshapasuka." Akaufananisha wa tatu na ule wa zamani waliokuja nao, kona kwa kona. Mshonaji aliugeuza mdomo wa mpira huo kwenye mwanga, akaona nyuzi zilizofumwa ndani ya mpira, zimebanana vizuri, hakuna hata moja iliyochomoza. Aliuamini kama anavyoamini kitambaa.

Ulidumu. Uliopasuka ni wa chini, njiani, mkewe akiwa kiti cha mbele na kitambaa mdomoni. Walifika hospitali wakivutwa na lori la mchanga, zamu yake ikiwa karibu kupewa mtu mwingine. Spana alipoukata mpira ule na kuufunua, mpasuko ulikuwa umeanzia ndani. Kulikuwa na mikwaruzo minne sambamba, mirefu, kama ya mtu aliyekuwa akitafuta mlango. Spana alipitisha kidole, akakitoa haraka, akajifuta kwenye suruali.

"Badilisha yote," alisema kwa sauti ya chini. "Tuchukue migumu kuliko yote waliyonayo."

Walibadilisha yote. Ikabaki mipira miwili midogo inayoingia ndani ya gari kupeleka joto kwenye hita, ambayo Spana alikuwa ameikata zamani na kuizungusha ili maji yarudi kwenye injini bila kupita kwenye hita, akisema hita ni urembo tu. Ni mke aliyeomba. "Nikitoka kwenye mashine nasikia baridi hadi kwenye mifupa, mume wangu. Ile hita haiwezi kufanya kazi tena?" Mshonaji angemnyima nini mtu huyo? Siku hiyohiyo Spana akaweka mipira mipya, hita ikarudi.

Maji yakaacha kuongezeka. Mshonaji aliendesha akipiga mluzi, mkewe kaegemeza viganja kwenye tundu la joto, uso umemlainika. Wiki nzima hakulalamika baridi.

Kisha muuguzi alimpima uzito kabla ya mashine, akarudia, akamgeukia kwa ukali. "Mama, umekunywa nini? Maji yamezidi mno."

"Sijanywa chochote, dada. Nimelamba barafu tu, kama mlivyoniruhusu."

Siku iliyofuata ya zamu yalizidi tena, na iliyofuata yakazidi zaidi. Miguu ilimvimba hadi viatu vikamkataa. Mshonaji alipoinama kumfunika shuka, pumzi ya mkewe ikampiga puani: tope bichi. Alimtazama mkewe, akatazama mipira iliyojaa damu yake ikizunguka, na kwa mara ya kwanza tangu augue akalia mbele yake.

Mganga waliyeelekezwa alikuwa mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Hakuwakaribisha ndani. Alisikiliza habari za gari na mipira, akamnusa mgonjwa pale pale mlangoni, akarudi nyuma.

"Mwanangu, gari lako uliwahi kulinywesha maji ya wapi?"

Ndipo akakumbuka. Gari lilichemka njiani, zamu inakaribia, na nyuma ya ukuta uliobomoka kulikuwa na kisima kilichoachwa, kimefunikwa bati lenye mawe juu. Aliyatupa mawe, akachota, akakimbia. Hakuna hata siku moja aliyokifikiria tena, hadi pale alipomsimulia mganga.

"Ulichota jini wa kisima, naye alikuwa anatafuta pa kutokea arudi kwake," mganga alisema. "Wewe kila alipogonga ukamzibia kwa mpira mgumu. Halafu ukamfungulia mlango mdogo, ukamkalisha mkeo mbele yake." Aliwaelekeza kwa ufupi. Wampeleke mgonjwa kisimani, wachemshe injini, hita ikiwa wazi, na juu ya rejeta wafunge mpira mbovu ili apate pa kupitia. "Na msichote tena. Hata tone."

Spana, ambaye maisha yake yote alichagua mipira mizima, alipiga magoti mbele ya lundo la takataka la gereji yake akitafuta ulio mbovu kuliko yote. Aliuminya huu, akautupa, ule, akautupa. Akapata mmoja uliolowa oili hadi ukawa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. "Huu," alisema.

Walifika kisimani kunapambazuka, wakiwa njiani kwenda hospitali, maana siku hiyo ilikuwa ya zamu. Spana alifunga ule mpira mbovu, mshonaji akakanyaga mafuta, mshale wa joto ukapanda, hita ikapuliza, na mkewe akaweka viganja kwenye tundu kama alivyozoea, akafumba macho. Kitu kikaanza kunguruma, si kwenye injini bali kifuani mwa mwanamke, kikapanda kooni, kikashuka mikononi, na mshonaji akaona kwa macho yake ngozi ya mkono wa mkewe ikivimba na kunywea, ikivimba na kunywea, kuelekea vidoleni, na tundu la hita likavuta pumzi badala ya kupuliza, likavuta harufu ya tope na nywele za mgonjwa na kilio chake chote, kisha dashibodi ikagonga, mipira midogo ikagonga, boneti ikarushwa, na maji yakamwagika mengi kuliko injini yoyote inavyoweza kubeba, yakapanda mteremko yakielekea kisimani huku yakikwaruza ardhi.

Kimya. Mkewe alipumua, na pumzi yake haikuwa na harufu.

Lakini mvuke ulikuwa umemuunguza Spana mikono yote miwili, na dumu la maji safi alilokuwa amelishika lilikuwa chini, limepasuka, tupu. Mkewe alikuwa amelegea, midomo ya bluu. Barabara haikuwa na gari. Mshonaji aliita hadi sauti ikamkauka. Spana, akiugulia, alimwelekeza kwa mdomo jinsi ya kufunga mpira mgumu waliokuja nao. Ukafungwa. Maji hayakuwepo.

"Usifanye hivyo," Spana alinong'ona alipomwona anatazama bati.

"Atakufa, ndugu yangu."

Kwanza aliikata mipira ya hita, akauzungusha mmoja na kuubana kwa klipu, ili chochote kitakachoingia kisivuke ukuta wa injini. Kisha akaenda kisimani na kuchota kwa kipande cha dumu. Alikuwa anajua anachofanya. Mkono wake ulipogusa maji, kitu fulani kiliushika, kwa upole, kikauachia.

Mkewe aliwahi mashine. Alipona, kadiri mtu wa figo anavyoweza kupona. Muuguzi alimsifu kwa kujizuia. Mshonaji alimwaga maji yale yote, akasafisha rejeta, akajaza maji ya bomba. Asubuhi yake yalikuwa yamefika shingoni. Alirudi kwa mganga, naye akaongea kupitia mlango uliofungwa. "Mara ya kwanza aliingia mwenyewe. Mara ya pili umemwita."

Basi akazoea. Kila asubuhi alitazama yalivyozidi, akashukuru, akayapunguza kwa bakuli. Maadamu yanazidi huku, alijiambia, hayazidi kwake. Aliminya kila mpira kabla ya safari, na ukilainika kidogo tu alikimbilia dukani kununua mgumu zaidi.

Asubuhi moja alifungua mfuniko, na maji yalikuwa palepale alipoyaacha jana.

Alipapasa injini hadi akafikia ule mpira mdogo alioufunga kwa mkono wake. Ulikuwa umechanika, upande unaotazama ndani ya gari. Alifungua mlango wa mbele. Zulia lilikuwa limelowa hadi ukingoni, na kutoka pale nyayo za maji zilivuka uwanja zikaingia nyumbani.

Alikimbia akiita. Mkewe alikuwa ameketi kitandani, shali yake ameitupa sakafuni, akitabasamu.

"Leo, mume wangu," alisema, "sisikii baridi kabisa."