Sauti Zilizofutwa kwenye CD ya Babu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Gladness aliteka maji, akafagia uwanja, akamwekea baba yake chai mezani. Aliporudi jioni aliikuta chai palepale, imepoa. Aliimwaga akaosha kikombe. Mama yake alikuwa masomoni Morogoro, kwa hiyo katika nyumba yao ya Chang'ombe, mjini Dodoma, walibaki wawili tu, na hawakuwa na la kuzungumza.

Tangu Babu Bartolomayo azikwe kijijini Mlali, baba yake, Methusela, hakuwa amewasha kompyuta. Kabla ya hapo chumba cha uani hakikutulia. Methusela alikuwa ametundika magodoro ukutani kuzuia mwangwi, akawa anarekodi kwaya na wanamuziki wa mtaani humohumo. Sasa alikaa tu mbele ya kioo cheusi. Gladness naye hakuwa na nafuu. Msibani hakulia hata kidogo, mashangazi wakamsifu kwamba ni jasiri. Haukuwa ujasiri. Hakuhisi kitu, basi.

Jumatano Bibi alipiga simu. Jumamosi ukoo ungekutana Mlali kuanua matanga, naye aliomba jambo moja: marimba ya mzee wake, kwenye CD, kwa sababu redio yake ilikuwa ya CD na hakuwa na kifaa kingine. Methusela alikuwa amemrekodi Babu mwaka uliopita, barazani kwake.

"Ifanye wewe," Methusela alimwambia Gladness. "Nyimbo unajua zilipo."

"Nitumie programu gani, baba?"

"Yoyote."

Kwenye kompyuta kulikuwa na programu ambayo Methusela aliitumia siku zote. Ilikuwa ya zamani, na haikufanya lolote bila kuambiwa. Ilikubidi usikilize kila wimbo hadi mwisho, upandishe au ushushe sauti wewe mwenyewe ili nyimbo zilingane, uamue nafasi ya kuacha kati ya wimbo na wimbo, ndipo uchome CD. Gladness aliwahi kukaa na baba yake akaiona kazi hiyo ikimaliza jioni nzima.

Mwanasha, aliyekaa naye dawati moja darasa la sita, alimletea nyingine kwenye flashi.

"Kaka yangu anaitumia kwa bongofleva zake," alisema. "Unabonyeza mara moja. Inasafisha kelele, inapandisha sauti, inakata pasipo na muziki, inachoma. Unakunywa chai yako tu."

Gladness aliichagua hiyo. Alibonyeza. Programu ikauliza kama iweke nyimbo mpya mahali pa zile za zamani, naye akajibu ndiyo, kama mtu anayeitikia salamu. Alisikiliza mwanzo wa wimbo wa kwanza. Sauti ilikuwa kubwa na safi. Akaandika jina la Babu juu ya CD, akaenda kulala.

Jumamosi, watu walipomaliza kula, Bibi aliitoa redio nje akaiweka juu ya kigoda. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Shikamoo, Bibi," Gladness alisema, akimpa CD kwa mikono miwili.

"Marahaba, mjukuu wangu. Kaa hapa karibu yangu."

Marimba ya Babu, ambayo Wagogo huiita ilimba, ni sanduku la mti lenye vyuma vyembamba vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye tundu la sanduku Babu alibandika utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani, na utando huo ndio ulioifanya kila sauti ivume. Bibi alikatazwa miaka yote kufuta ukuta wa pembeni pa kitanda, na walikuwa wakigombana kwa sababu hiyo.

CD ikaanza. Vyuma vililia vizuri, kimoja kimoja, vikavu kama vijiko. Hakuna kilichovuma. Bibi aliinamisha kichwa, akasogea. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukadakia hapohapo.

"Mbona haongei?" Bibi aliuliza. "Alikuwa ameongea hapo."

Alisikiliza wimbo mwingine, kisha akaizima redio taratibu.

"Huyu simjui," alisema. "Labda ni hii redio, imezeeka. Methusela, ichukue, umpe mtu mwenye haja nayo. Mimi sitakuwa na cha kusikiliza tena."

"Sawa, mama," Methusela akasema, macho yake yakiwa chini.

Gladness aliona jinsi jambo lile lilivyokwisha kirahisi. Redio ilikuwa imebeba lawama na haikuwa na mdomo wa kujitetea. Alichotakiwa kufanya ni kukaa kimya, na kukaa kimya alikuwa amekuzoea. Lakini Bibi alikuwa anaifuta redio vumbi kwa ncha ya kitenge, akiiandaa kwenda kwa wengine, na Gladness akashindwa kumtazama.

"Si redio, Bibi," alisema. "Ni mimi. Nilitumia programu inayosafisha kelele. Imefuta mvumo, ikakata Babu alipokuwa anaongea. Na zile nyimbo za zamani nimezifuta kwa kuweka hizi mahali pake, baba. Sikusikiliza hata wimbo mmoja mpaka mwisho."

Methusela aliinua uso. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi Gladness kuona baba yake anamtazama.

"Hazipo kabisa kwenye kompyuta?"

"Hazipo."

"Kadi ya rekoda niliyomrekodia mzee sijaifuta," Methusela alisema. "Sifuti kadi ya mtu mpaka mwenyewe asikilize kazi yake na kuridhika. Na leo nilihesabu kwamba mama ameshasikiliza. Jumatatu kwaya ya Msalato inakuja kurekodi, ningeifuta asubuhi."

Jumapili, wakiwa wamerudi nyumbani, Methusela aliwasha kompyuta. Waliketi wawili, kila mmoja na hedfoni zake, wakatumia ile programu ya zamani. Walisikiliza kila wimbo hadi mwisho. Methusela alimwonyesha jinsi ya kupandisha sauti bila kuua mvumo, na kila walipofika mahali ambapo hakuna marimba, alimuuliza, "Tukate hapa au tuache?" Waliacha kikohozi cha Babu. Waliacha na sauti za kuku wa barazani.

Wiki iliyofuata walirudi Mlali. Bibi aliwasha redio ndani. Ilimba ikavuma mpaka kifuniko cha sufuria kikatetemeka. Wimbo ulipoisha, Babu alikohoa, akasema, "Mama Methusela, maji."

"Yapo mtungini," Bibi akajibu. "Piga wimbo mwingine kwanza."

Na ndani ya redio sauti yake mwenyewe ya mwaka jana ikajibu vilevile, maneno yaleyale. Bibi akacheka, kisha akajifunika uso kwa kitenge.

Gladness alitoka mbio akasimama nyuma ya nyumba, akalia. Alilia kilio chote ambacho hakikutoka msibani. Methusela alimfuata, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Lile neno 'yoyote' lilikuwa langu," alisema. "Nimekosea mimi pia. Ila shika hili, mwanangu. Ile programu ya Mwanasha si mbaya, imemfaa kaka yake. Wewe uliichagua kwa sababu haikukulazimu umsikilize Babu, na mimi nilikupa kazi kwa sababu hiyohiyo. Unapochagua chombo cha kazi, fikiria kwanza mtu atakayeipokea anangoja nini. Usifute cha kwanza kabla hujahakikisha cha pili. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, wakati bado kuna..."

"Methusela," Bibi aliita kutoka ndani. "Mahubiri baadaye. Mzee anaanza wimbo wa pili."