Namba za Inhela

Kila asubuhi kabla ya chai, mama yake Redio alifunua cherehani, akapangusa vumbi la pamba, akatia tone moja la mafuta, kisha akafungua daftari lake la vipimo. Mabega na viuno vya mtaa mzima vilikuwa humo. Fundi huyu hakuwa mtu wa kukisia. Mteja akisema akatiwe kama ile ya mwaka jana, atapimwa upya vilevile, maana watu hunenepa wakajisahau.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa wa bintiye. Redio alikuwa na miaka kumi na miwili, na pumu ilimwandama tangu akibebwa mgongoni. Mwanzoni mwa muhula kliniki ilimpa inhela ya zambarau, ya kuvuta mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, awe anaumwa awe haumwi. Ya bluu ilikaa mfukoni mwa sketi, kwa ajili ya kubanwa ghafla. Nyuma ya ile ya zambarau palikuwa na kidirisha chenye namba, na kila dawa ikitoka namba inashuka. Mama alikipenda sana kile kidirisha.

"Lete namba," angeita.

Redio angesoma: tisini na sita. Kesho yake, tisini na mbili. Mama aliandika, akaridhika. Kama namba imeshuka nne tangu jana, mtoto ametumia dawa, habari imeisha.

Na kweli dawa ilimfaa. Kifua kilitulia mpaka Redio akawa anaruka kamba na wenzake bila kusikia filimbi ndani ya mbavu. Lakini baada ya muda sauti ilianza kukwaruza, ulimi ukaota utando mweupe, na kumeza kukawa kazi. Hilo lilimuuma kuliko pumu yenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisoma matangazo mstarini kila asubuhi. Jina la Redio alilipata hapo. Siku moja alipofungua mdomo ilitoka sauti ya mlango uliokosa mafuta. Kiranja wa darasa lake, msichana asiyeishiwa maneno, akasema kwamba redio ya shule imeishiwa betri, ianikwe juani kidogo. Mstari mzima ulicheka. Hata mwalimu wa zamu aligeukia pembeni. Wiki hiyohiyo karatasi ya matangazo akapewa mtu mwingine.

Redio hakumwambia mama. Aliona wazi kwamba inhela ndiyo inayomharibia koo, na kifua chake kilikuwa kizima, sasa ya nini tena? Shida ilikuwa ile namba. Basi asubuhi na jioni alisimama dirishani chumba cha nyuma, akatoa mkono nje, akabonyeza mara mbili. Dawa ikaenda zake na upepo. Kisha akaenda kusoma namba kwa sauti ya adabu, na mama akaandika.

Wiki ya kwanza haikuwa na neno. Utando uliondoka, sauti ikarudi, kiranja akakosa la kusema. Wiki ya pili Redio akaanza kukohoa alfajiri. Wiki ya tatu, akipanda ngazi za darasani, alisimama katikati akijifanya anafunga kamba za viatu. Inhela ya bluu, ambayo hapo nyuma ilimaliza wiki bila kuguswa, sasa aliivuta kila siku, halafu mara tatu kwa siku. Alijiambia kwamba kesho atairudia ya zambarau. Kesho ilipofika, akajiambia hivyohivyo.

Ijumaa, wakati wa kufagia madarasa, vumbi lilisimama hewani na kifua cha Redio kikafunga. Alivuta bluu, akavuta tena. Hewa iliishia kooni. Mwalimu alimkalisha wima, akamsaidia kuvuta nyingine, na alipoona midomo inabadilika rangi akambeba mgongoni hadi kliniki, mlango wa pili kutoka shuleni.

Mama alifika mbio, tepu shingoni, daftari kwapani. Redio alimwona juu ya ukingo wa barakoa ya mashine ya mvuke. Mama ambaye mikono yake haikukosa kazi hata siku moja, leo hakujua aiweke wapi. Usoni pa mtoto palikuwa na barakoa, mkono mmoja ulishikwa na muuguzi. Mwishowe akashika kidole gumba cha mguu, akakaa hivyo.

Pumzi iliporudi kidogo, daktari aliuliza kuhusu dawa. Mama akafungua ukurasa wa mwisho. Hakuna siku iliyorukwa, alisema, na asiyeamini asome. Daktari alisoma, kisha akaanza kuandika barua. Ikiwa mtoto anatumia dawa vizuri hivi na bado amefikia hapa, alieleza, basi dawa hii imeshindwa. Ataongezewa vidonge vikali, na apelekwe hospitali kubwa akalazwe.

Mama aliketi taratibu kwenye benchi.

"Nimefanya kila mlichoniambia," alisema. "Niambieni basi nifanye nini tena, nami nitafanya."

Mama hakulia. Aliweka kidole juu ya ukurasa, akaanza kushuka namba moja baada ya nyingine, akitafuta alipokosea.

Redio aliangalia kile kidole. Alijua hakitapata kitu. Alitaka kusema, lakini woga ulimshika, na hata pumzi ya kutosha sentensi moja hakuwa nayo. Kidole kikafika chini ya ukurasa. Kikarudi juu, kikaanza upya. Redio akavua barakoa. Muuguzi akamrudishia. Akaivua tena.

"Mama, usitafute."

"Usiongee, mwanangu."

"Nilikuwa naipuliza nje. Dirishani."

Mama aliinua kidole kwenye ukurasa.

"Zote?"

"Wiki tatu."

"Na mimi naandika," mama alisema polepole, akafunga daftari. Hakugomba. Redio aliona afadhali angegombwa.

Daktari aliweka kalamu chini, akaisogeza barua kando. Ilibaki kidogo tu, alisema, wamtibu mtoto kwa pumu sugu ambayo hana. Kisha akauliza sababu, na Redio akaitoa vipande vipande: koo, utando, betri.

"Ukishavuta, huwa unasukutua?" muuguzi aliuliza.

Redio alitikisa kichwa. Mama naye akauliza kusukutua nini.

Muuguzi akashusha pumzi. "Siku ile foleni ilikuwa ndefu. Hatukuwaeleza vizuri, na hilo ni kosa letu."

Akachukua inhela tupu, akawaonyesha. Itikise, toa pumzi, ibane kwa midomo, bonyeza huku ukivuta taratibu, shikilia pumzi mpaka hesabu ya kumi. Pumzika kidogo kabla ya kuvuta ya pili. Halafu maji: sukutua mpaka kooni, tema, usimeze, maana dawa inayobaki mdomoni ndiyo iliyoleta ule utando. Ni dawa mbili ndani ya kopo moja, alisema. Moja inafungua njia za hewa, nyingine inatuliza uvimbe humo ndani, na hii ya pili hufanya kazi polepole. Ndiyo maana ukiiacha leo, leo huoni kitu. Daktari akaongeza kwamba ni ya kila siku, wala asiizidishe, asiiache bila kuwauliza. Akibanwa ghafla avute bluu, na akiona anaihitaji bluu kila siku, arudi bila kungoja.

Walipobaki wawili, mama alivuta kiti karibu na kitanda.

"Ungeniambia koo linauma, tungekuja hapa siku ileile," alisema. "Mimi nashona nguo, mwanangu. Kilicho ndani ya kifua chako sikioni. Nategemea unachoniambia wewe. Ukinificha, nitasimama hapa na mapenzi yangu yote na nisiweze kukusaidia."

Jioni, akiwa bado palepale kliniki, Redio alivuta dawa yake kama alivyoonyeshwa, akasukutua, akatema kwenye beseni. Alikaa kidogo akimeza mate, akijisikiliza.

"Mama, bado linawasha kidogo."

"Haya," mama alisema, akainuka. "Ngoja nimwite muuguzi."