Namba ya Kwanza Kwenye Fomu

"Fundi, usitoboe hapo. Nakuomba."

"Nitoboe wapi sasa, Mwalimu? Hewani?"

"Ndani ya mkia kuna nafasi. Antena ikikaa mle hakuna atakayeiona."

"Hata setelaiti haitaiona."

Nikashusha drili. Mwalimu anafundisha hesabu, na ndege hii ameijenga kwa mikono yake miaka sita, kwenye karakana iliyo nyuma ya nyumba yake. Mimi ni fundi wa redio na vifaa vya umeme vya ndege. Aliniita kuunganisha dashibodi, kazi ya siku nne. Huu ni mwezi wa tano na bado naunganisha. Mengine mtajaza wenyewe.

"Mwili wa ndege yako ni kaboni," nikamwambia. "Kaboni inazuia mawimbi. Ukiificha antena humo, siku ikianguka hakuna atakayesikia."

"Usiseme ikianguka mbele yake."

"Kwani inasikia?"

"Inasikia kuliko wanafunzi wangu."

Nikacheka, nikatoboa pale pale, juu ya mgongo, karibu na mkia. Alifumba macho kama anayechomwa sindano.

Antena hiyo ni ya kisanduku kidogo cha rangi ya chungwa. Ndege ikijipiga chini, kisanduku kinaita setelaiti, setelaiti inaita kituo cha uokoaji, na kituo kinampigia simu mtu aliyeandikwa wa kwanza kwenye fomu ya usajili. Nimefunga visanduku zaidi ya thelathini. Viwili vimewahi kulia kweli. Siku kimojawapo kilipolia nilikuwa sebuleni kwa mteja wangu, nimepeleka vitabu vya redio yake, na mkewe akapokea ile simu mbele yangu.

Ndiyo maana Mwalimu aliponiuliza mara ya kwanza kama nitakubali anioe, nikasema nina waya wa kukaza. Mara ya pili nikajifanya sijasikia. Mara ya tatu akanitumia meseji: "Fundi, jibu lolote nitalipokea, hata hapana." Ilikuwa na wiki tatu kwenye simu yangu, na nilikuwa naisoma kila siku. Nilimpenda, tena sana. Nilichoogopa ni ile simu.

"Fomu ya usajili iko wapi?" nikauliza. "Nataka kulinganisha namba ya kisanduku."

"Kwenye faili, juu ya benchi. Ngoja nikuletee."

"Miguu ninayo."

"Kaa tu, nakuletea mimi."

Mimi ni mdaku, sikatai. Angeniachia niichukue kimya kimya, nisingesoma zaidi ya hiyo namba. Lakini alivyoharakisha ndivyo nilivyomuwahi. Namba ilikuwa sawa. Chini yake paliandikwa mtu wa kwanza wa kupigiwa simu, na jina lilikuwa la Nesi, mke wake waliyeachana miaka minne iliyopita. Penye uhusiano alikuwa ameandika "familia".

Nikafunga faili, nikaingia kwenye kiti cha rubani kufanya jaribio. Swichi ina sehemu tatu: tayari, jaribu, washa. Jaribio hufanywa dakika tano za mwanzo wa saa tu, na kwa kugusa mara moja. Nina miaka kumi na moja kwenye kazi hii. Siku hiyo sikutazama saa, wala sikutazama kidole changu kimeenda upande gani.

"Kwa hiyo Nesi ni familia," nikasema.

"Umesoma."

"Umeandika kwa herufi kubwa, ningeachaje?"

"Fomu ilitaka mtu, Fundi."

"Na mimi ni nani? Mpita njia?"

"Wewe sijui ni nani," akajibu taratibu. "Fomu inauliza nani atanitafuta nikipotea. Nesi hanipendi tena, lakini akipigiwa simu atakuja. Hilo nina uhakika nalo. Wewe nimekuuliza mara tatu."

Nikashika bisibisi, nikawa nakaza skrubu iliyokwisha kukazwa. King'ora cha onyo nilikuwa sijakiunganisha, kwa hiyo tulinuniana pale robo saa nzima huku kitaa chekundu kikiwaka na kuzima mbele yangu, na mimi, fundi mzima, nisikione.

Mlango wa karakana ukasukumwa. Akaingia mwanamke mwenye sare ya zahanati, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Nani?"

"Niambie tu yuko wapi. Yuko hai?"

Mwalimu alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake, na yule mwanamke hakumwona. Alipomwona, akakaa juu ya sanduku la vifaa, akafunika uso.

"Wamenipigia," akasema. "Wamesema ndege yako inaomba msaada. Nimekupigia mara tisa."

"Simu iko ndani, inachaji. Nesi, tazama, haina hata mabawa. Yale pale, yameegemea ukutani."

"Mimi ningejuaje?"

Ndipo nilipoiona taa. Nikarudisha swichi kwenye "tayari".

"Kosa ni langu," nikasema. "Samahani sana, dada."

Alininyanyulia macho. "Wewe ndiye Fundi?"

"Ndiye mimi."

"Alipoomba kuniandika alisema ni kwa muda tu, mpaka Fundi aamue. Nikamwambia sawa, ila aharakishe. Hii kazi mimi nilishaiacha."

Mwalimu alimletea maji, na nusu yake yakamwagikia sare. Nikamwonea Nesi wivu. Kwamba aliwahi kuwa mke wake hakukunishughulisha hata kidogo, nilionea wivu ile hofu. Ilikuwa yangu, na mwanamke mwingine ndiye aliyeikimbia barabarani kwa niaba yangu. Nilidhani nisipoandikwa nitaepuka kuogopa. Kumbe ningeogopa vilevile, tena wa mwisho kuambiwa.

Nikapiga simu kituoni.

"Kituo cha uokoaji," akajibu mwanamume.

"Futa tahadhari, ndugu yangu. Ni fundi. Ndege iko karakana, mwenyewe mzima, nimekosea swichi."

"Imeita kwa dakika ishirini na mbili, Fundi. Utaratibu unaujua."

"Naujua. Andika jina langu kwenye ripoti."

"Nimeandika. Kuna lingine?"

"Ndiyo. Badilisha mtu wa kwanza wa kupigiwa."

Nikataja jina langu na namba yangu, polepole. Mwalimu alisimama na glasi tupu mkononi.

"Uhusiano wako na mwenye ndege?"

"Mchumba."

"Hapa mchumba hakuna. Kuna mke, mzazi, mtoto, ndugu, rafiki."

"Weka mke."

"Hizi ni taarifa rasmi, dada. Umeolewa naye?"

Nikamgeukia Mwalimu. "Inaruka lini hii?"

"Tarehe kumi na mbili, mwezi ujao," akasema. Nesi alikuwa ameshaanza kucheka na machozi yanamtoka.

"Weka mke," nikarudia kwenye simu. "Hairuki kabla sijakuletea cheti."